Karafuu, makonyo au majani? Namna ya kuchagua mafuta ya harufu

Kichupa cha mafuta ya karafuu husafiri sana. Wachuuzi hukinadi ndani ya mabasi ya Lindi na Mtwara, meza za Kibiti na Ikwiriri hukipanga kando ya dawa za meno na marashi, na kikishavuka Daraja la Mkapa hufika hadi Chumbi kikiwa na picha ya karafuu na orodha ndefu ya maradhi kinayotibu. Bei yake haitabiriki: kichupa cha ujazo uleule huweza kuuzwa hapa kwa bei mara kadhaa ya pale. Mnunuzi asiyetaka kupoteza fedha zake aanze na swali moja ambalo wauzaji wengi hawajazoea kuulizwa: mafuta haya yametoka sehemu gani ya mkarafuu?

Swali hilo ni la msingi kwa sababu mti mmoja hutoa mafuta ya aina tatu. Ya kwanza hutoka kwenye karafuu yenyewe, yaani tumba lililochumwa kabla halijachanua na kuanikwa. Ya pili hutoka kwenye makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Ya tatu hutoka kwenye majani. Yote matatu yana yujenoli, kemikali inayoleta ule ukali wa karafuu na ganzi kwenye fizi, lakini hayalingani. Mafuta ya tumba huwa na yujenoli takribani asilimia 75 hadi 85, pamoja na kiasi kizuri cha kemikali nyingine, asetati ya yujenoli, inayoyapa utamu na ulaini. Ya makonyo hufika asilimia 90 hivi na ni makavu zaidi puani. Ya majani yana harufu kali isiyo na ule utamu, na ndiyo ya bei ya chini kuliko yote. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, limeyatungia viwango vitatu tofauti: 3141 kwa majani, 3142 kwa tumba na 3143 kwa makonyo.

Watu wa Pemba wanalijua jambo hili kwa vitendo. Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, kuna kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, ZSTC, ambacho wenyeji hukiita kiwanda cha makonyo. Mkulima anayeuza karafuu zake kwa shirika hupata pia soko la makonyo ambayo kwingine yangekuwa takataka. Kiwandani makonyo hujazwa kwenye mapipa makubwa, mvuke wa maji hupitishwa katikati yake, ukabeba mafuta na kuingia kwenye bomba la kupoozea. Kinachotoka ni maji na mafuta pamoja, na hapo karafuu huonyesha tabia yake: mafuta yake ni mazito kuliko maji, hivyo hutuama chini. Mchaichai na mkaratusi, ambao nao hukamuliwa Wawi, mafuta yao huelea juu.

Mafuta ya makonyo si mafuta bandia. Ni bidhaa halali yenye wanunuzi wake katika viwanda vya manukato, sabuni na vionjo vya vyakula. Udanganyifu huanza pale yanapoandikwa "karafuu safi" na kuuzwa kwa bei ya mafuta ya tumba, au pale mafuta ya majani, ambayo hutolewa kwa wingi Indonesia na Madagaska, yanapofichwa chini ya jina la Zanzibar.

Hesabu rahisi inaweza kumsaidia mnunuzi kabla hata hajafungua kizibo. Karafuu kavu hutoa mafuta kati ya asilimia 15 na 20 ya uzito wake. Kichupa cha mililita 10 kwa hiyo kinahitaji karafuu gramu 50 hadi 70, bila kuhesabu kuni, chupa, nauli na faida ya muuzaji. Mnunuzi wa Chumbi anajua bei ya karafuu za kutia kwenye pilau. Kichupa kikiuzwa chini ya thamani ya karafuu hizo, hakiwezi kuwa na mafuta matupu ya tumba.

Mafuta yenyewe pia yanaweza kuhojiwa nyumbani. Chukua glasi ya maji na udondoshe tone moja. Likining'inia juu, liguse kwa ncha ya kijiti ili livunje utando wa maji. Tone la karafuu hushuka hadi chini na kukaa kama shanga. Likielea, kuna mafuta mepesi yaliyochanganywa kwa wingi. Lakini kipimo hiki hunasa mwizi mkubwa tu. Mafuta ya nazi ni mepesi kuliko maji, ila hayawezi kuibua tone la karafuu mpaka yakaribie nusu ya mchanganyiko. Aliyetia robo atapita. Tena kipimo hiki ni cha karafuu na mdalasini. Ukikitumia kwa mchaichai au mkaratusi utayahukumu bure mafuta mazuri.

Kipimo cha karatasi ni kikali zaidi. Weka tone kwenye karatasi nyeupe, na pembeni yake weka tone la mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani. Yaache hadi kesho yake, kisha inua karatasi kuelekea dirishani. Nazi huacha doa linalopitisha mwanga, na doa hilo haliondoki. Mafuta safi ya karafuu huruka polepole na huweza kuacha rangi ya kahawia iliyofifia, lakini karatasi hurudi kuwa kavu na haing'ari. Doa la grisi chini ya karafuu ni ushahidi kwamba ndani mna mafuta ya kupikia.

Palipo na spiriti ya asilimia 70 kuna kipimo cha tatu, ambacho wafamasia wamekitegemea kwa miaka mingi: sehemu moja ya mafuta ya karafuu katika sehemu mbili za spiriti huyeyuka na kubaki maangavu. Penye nazi au alizeti, mchanganyiko huwa na ukungu.

Hapo ndipo uwezo wa nyumbani unapokoma. Mchakachuaji anayejua kazi yake hatii nazi. Hutia yujenoli ya kiwandani au mafuta ya majani, na hakuna glasi ya maji wala karatasi itakayomfichua. Anayeweza kumfichua ni mtaalamu wa maabara mwenye mashine ya kromatografia, ambayo hutenganisha mafuta kemikali moja moja na kuonyesha kiasi cha kila moja. Mzalishaji makini hupima kila mkupuo na kuandika namba yake kwenye chupa. Kwa mnunuzi wa kawaida, namba hiyo ndiyo njia ya kumfuatilia aliyetengeneza.

Kwa hiyo lebo ina kazi kubwa kuliko pua. Iwe na jina la kisayansi la mmea, sehemu iliyotumika, nchi ya asili, namba ya mkupuo na tarehe. Jina la kisayansi linaweza kuonekana la kitabuni mno kwa duka la kijijini, lakini tazama mkaratusi. Mafuta ya Eucalyptus globulus ndiyo ya kufukiza kifua wakati wa mafua. Ya Corymbia citriodora yananukia limau na ndiyo yanayohusishwa na kufukuza mbu. Katika bonde la Rufiji, ambako mbu hawana likizo, anayepewa ya kwanza akidhani ni ya pili amepoteza fedha na usingizi. Lebo ya Kiswahili huyaita yote mkaratusi.

Maneno kama "daraja la tiba" yasimbabaishe mtu. Hakuna mamlaka duniani inayotoa daraja hilo. Ni lugha ya matangazo. Septemba 2014, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliziandikia barua za onyo kampuni za Young Living na doTERRA kwa sababu wauzaji wao walikuwa wakidai mafuta ya harufu ya kampuni hizo yanafaa dhidi ya Ebola. Kwa Tanzania Bara, vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, tangu 2019, na dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kichupa kinachodai kutibu kimejiita dawa, na mnunuzi ana haki ya kuuliza usajili wake.

Chupa pia husema. Yujenoli hulainisha aina nyingi za plastiki, na mwanga huharibu mafuta, hivyo mzalishaji anayejiheshimu hutumia kioo cheusi au cha kahawia. Mafuta yaliyomiminwa kwenye kichupa cha plastiki kinachopitisha mwanga, yakaanikwa juani mezani kutwa nzima, yameshaharibika hata kama yalitoka Wawi yakiwa mazuri.

Na uzuri huo una hatari yake, kwani mafuta safi ndiyo makali. Robert Tisserand na Rodney Young, katika kitabu chao cha usalama wa mafuta ya harufu cha mwaka 2014, wanashauri ya karafuu yasizidi asilimia 0.5 katika mafuta ya kupaka: nusu mililita tu kwa mililita 100 za nazi. Kupaka matupu huunguza fizi na ngozi. Mtoto mdogo akinywa hata kijiko kimoja anaweza kupoteza fahamu na kuumia ini. Asitapishwe, akimbizwe kituo cha afya mara moja, na chupa ibebwe pamoja naye ili mganga asome kilichomo.