Penye Lobelia Pana Maji Yetu

Sisi tunaotumia mifereji chini ya Mlima Kenya hulaumiana kila kiangazi. Wa chini husema wa juu wamefunga maji. Wa juu husema mvua haikunyesha. Lakini je, mvua isiponyesha, maji machache tunayopata hutoka wapi?

Mmea wa majimaji

Ukipanda mlima ukapita msitu na mianzi, unafika kwenye nyanda za nyasi. Kule juu, mabonde ni chepechepe, ukikanyaga mguu unazama. Hapo ndipo inapoota lobelia ya majimaji. Wataalamu huiita Lobelia gregoriana, kwa jina la Gregory, Mwingereza aliyeupanda mlima huu mwaka 1893.

Ni kama kabichi kubwa iliyofunguka. Baada ya miaka mingi, katikati hutoka mnara wa maua ya buluu unaoweza kupita mita moja. Ndege aitwaye chozi hunywa utamu wake na kubeba chavua.

Huko mchana ni jua kali, usiku ni barafu. Basi inaishije? Majani yake yameshikana kama bakuli lenye maji. Usiku maji huganda juu tu, chini hayagandi, na kichipukizi hakifi kwa baridi. Majani nayo hujikunja, kama mtu anayejifunika blanketi.

Inatuhusu nini?

Udongo wa mabonde hayo ni mweusi, umejaa mizizi na majani yanayooza polepole kwa sababu ya baridi. Hunyonya maji kama godoro, kisha huyaachilia kidogo kidogo hadi mitoni. Tana na Ewaso Ng'iro hupata maji kutoka mlima huu. Kwa hiyo mahali pa lobelia ni sehemu ya tangi letu.

Adui mkubwa ni moto. Machi 2012 moto uliunguza sehemu kubwa ya mlima. Mara nyingi chanzo ni sisi watu: mrina asali anaacha kijinga, mchungaji anachoma nyasi zichipuke upya. Mmea wa miaka mingi unaisha kwa dakika chache, na udongo unabaki uchi.

Tufanye nini?

1. Wafugaji nyuki, wekeni mizinga karibu na nyumbani. Zimeni kila kijinga kwa maji.
2. Mkiona moshi mlimani, mwambieni chifu au askari wa wanyama pori mara moja. Msingoje kesho.
3. Jiungeni na chama cha watumiaji wa maji cha mto wenu. Sheria ya Maji ya 2016 inavitambua vyama hivi. Wa juu na wa chini wakae pamoja.

Maswali ya kikundi

Someni Zaburi 104:10. Mto wetu unaanzia wapi? Nani kati yetu amewahi kufika huko? Kiangazi kilichopita tulimlaumu nani, na je, tulikuwa na haki?