Pima Sukari Kabla ya Kusema ni Wazimu

Lutindi iko milimani, wilaya ya Korogwe, mkoa wa Tanga. Hospitali yake inatunza wagonjwa wa akili tangu enzi ya Wajerumani. Ndiyo maana wengi wakisikia jina la Lutindi hufikiria ugonjwa wa akili. Lakini si kila asemaye ovyo ana ugonjwa huo. Wengine wamepungukiwa sukari katika damu.

Sukari ni chakula cha ubongo. Ikipungua sana, mtu hutoka jasho, hutetemeka, na moyo humwenda mbio. Kisha husema maneno yasiyoeleweka, hugomba, au huyumba kama mlevi. Akichelewa kusaidiwa huzirai, na huweza kufa.

Hali hii huwapata hasa wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini au baadhi ya vidonge, wakikosa mlo au wakifanya kazi nzito shambani. Huwapata pia watoto wenye malaria kali.

Macho hayaoni sukari iliyomo katika damu. Ni lazima ipimwe. Mhudumu humchoma mgonjwa kidoleni na kuweka tone la damu kwenye kijiti cha kupimia. Mashine ndogo hutoa jibu kabla dakika moja haijaisha, mgonjwa akiwa pale pale kitandani. Kwa mgonjwa wa kisukari, chini ya milimoli 4 kwa lita ni sukari kidogo mno.

Sukari hupimwaje? Mwagia maji chokaa iliyotoka tanuuni. Itachemka, ingawa hukuwasha kuni. Vitu viwili vimekutana, joto limetoka. Vivyo hivyo, kimeng'enya kikikutana na sukari ya damu hutoa joto dogo sana. Sukari ikizidi, joto nalo huzidi. Mwaka 1974, Klaus Mosbach na Bengt Danielsson wa Lund, nchini Uswidi, walieleza kifaa kinachohisi joto hilo, ambalo mkono hauwezi kulihisi. Mashine za kawaida za hospitali nazo hutumia kimeng'enya, lakini nyingi hupima umeme mdogo badala ya joto.

Tufanye nini nyumbani?

1. Mgonjwa wa kisukari akionyesha dalili hizi, naye anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari katika maji. Usingoje mashine.

2. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, mpe tena. Akipata nafuu, ale chakula.

3. Akizirai, usimtie kitu chochote mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

4. Mtu yeyote akichanganyikiwa ghafla, mpeleke zahanati au hospitali upesi. Uliza: "Sukari yake imepimwa?"

Tusimfunge mtu kamba, wala tusiseme amerogwa. Huenda anahitaji sukari tu.

Jadilianeni darasani: Katika kijiji chetu, nani ana kisukari? Jirani zake wanajua la kufanya?