Mwanao Akisema Atasomea Mila za Watu

Kijana akimaliza kidato cha sita na kutangaza kwamba anataka kuwa daktari, nyumba nzima hufurahi. Akitaja uhandisi au uhasibu, wazee huitikia kwa kichwa. Lakini akisema kwamba amechagua anthropolojia, kimya huingia barazani, na baba huuliza: "Hiyo nayo ni kazi gani?"

Swali hilo ni la haki. Ni la haki hasa kwa mzazi wa Kagongwa, ambaye ada ya shule aliipata gunia kwa gunia kwenye mashine za kukobolea mpunga, au kwa kuhangaika katika maduara ya wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Kahama na Geita. Fedha iliyopatikana kwa jasho haitupwi ovyo. Basi na tulijibu swali lake bila kumpamba wala kumtisha mtu.

ELIMU YENYEWE

Anthropolojia ni elimu ya binadamu katika maisha yake ya pamoja: jinsi watu wanavyohesabu ukoo, wanavyooa na kurithi, wanavyogawana kazi na mali, wanavyotibu maradhi na kuzika wafu wao. Ndugu yake wa karibu ni sosholojia, na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam elimu hizo mbili zimo katika idara moja. Chuo Kikuu cha Nairobi kinatoa shahada ya kwanza ya anthropolojia yenyewe.

Kinachoipambanua elimu hii ni njia yake. Mwanafunzi hufundishwa kukaa na watu, kujifunza lugha yao, kushiriki kazi zao, na kuandika kila siku aliyoyaona na kuyasikia. Aliyeipatia njia hiyo sifa kubwa ni Bronislaw Malinowski, aliyeishi katika visiwa vya Trobriand, karibu na New Guinea, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Wako wanaosema kwamba hii ni elimu ya mkoloni, nao wana sababu. Serikali ya Kiingereza ilimwajiri Hans Cory, mzaliwa wa Austria, achunguze mila za makabila ya Tanganyika, na kitabu chake juu ya sheria na desturi za Wasukuma kilitoka mwaka 1953. Mtawala alitaka kujua jinsi watemi walivyotawala ili naye apate kutawala kwa kupitia kwao. Haishangazi kwamba baada ya Uhuru wasomi wengi wa Afrika waliitazama elimu hiyo kwa jicho la shaka.

Hata hivyo, wako Waafrika walioichukua na kuitumia kwa haja zao. Jomo Kenyatta aliisoma London kwa huyo huyo Malinowski, na mwaka 1938 akachapisha kitabu cha kutetea ardhi na mila za Wakikuyu. Okot p'Bitek wa Uganda aliisoma Oxford, akachukizwa na walimu waliowaita Waafrika washenzi. Na mwaka 1970 alitoa kitabu cha kukosoa jinsi wasomi wa Magharibi walivyozieleza dini za Kiafrika.

HASARA YA KUTOULIZA

Mzazi wa Shinyanga hana haja ya kwenda mbali kutafuta faida ya elimu hii. Wakati wa ukoloni misitu mingi ya mkoa ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba na wingi wa mifugo viliizidishia ardhi uchovu, hata sehemu kubwa ikaanza kufanana na jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI. Mradi huo ulistawi pale ulipoitilia maanani desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Ngitili zilizokuwa hekta 600 hivi mwaka 1986 zilipita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hatudai kwamba kazi hiyo ilifanywa na wanaanthropolojia. Tunasema kwamba ilifaulu kwa kufuata kanuni yao ya kwanza: muulize mwenyeji kabla hujamfundisha.

Liko pia jambo zito zaidi. Katika Usukuma vikongwe wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo huenda yalitokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Sheria ya uchawi ipo tangu mwaka 1928, lakini haikutosha kuwaokoa. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyachunguza mauaji hayo, na sura yake ilichapishwa mwaka 1994 katika kitabu kilichohaririwa na Ray Abrahams wa Cambridge, mtafiti aliyewahi kuishi miongoni mwa Wanyamwezi. Vivyo hivyo, mauaji ya watu wenye ualbino yalipozuka katika miaka ya 2000, watafiti walikwenda machimboni kuuliza jinsi tamaa ya dhahabu na imani ya bahati vilivyokutanishwa na waganga. Polisi humkamata muuaji baada ya mtu kufa. Anayetaka kuzuia kifo kabla hakijatokea hana budi kujua nani humtuhumu nani, lini, na kwa ugomvi gani.

KAZI NA MKATE

Sasa turudi kwenye swali la baba. Kazi ipo, lakini haimngojei mtu mlangoni. Ni nadra kuona tangazo la nafasi ya "mwanaanthropolojia". Wenye elimu hii huingia katika maendeleo ya jamii, afya, utafiti, makumbusho, mashirika ya hiari, na katika idara za migodi zinazoshughulikia uhusiano na vijiji. Kwa hiyo kijana achague pamoja nayo ujuzi mwingine wa kushika mkononi: takwimu, uandishi au lugha. Kabla ya kujaza fomu aulize chuo kina masomo mangapi ya anthropolojia hasa, na mangapi ya sosholojia. Na kama atasoma kwa mkopo wa Bodi, akumbuke kwamba mkopo ni deni, nalo hulipwa.

Mwisho, mzazi ampime mwanawe. Kagongwa yenyewe ni darasa: Wasukuma, Wanyamwezi na wageni wa kila upande hukutana hapo njiani kuelekea Kahama. Je, kijana wako huuliza kwa nini mawe ya duarani hugawanywa vile yanavyogawanywa, au kwa nini mahari ya dada yake ilihesabiwa kwa ng'ombe? Je, huwasikiliza wazee mpaka wamalize kusema? Kama ndivyo, usimcheke. Keti naye, mfanye hesabu ya ada na ya miaka 3 ya masomo, kisha mwamue pamoja.