Jeshi la taifa dogo ni la nani?

Alfajiri ya Mei 13, 1978, mamluki wapatao 50 wakiongozwa na Mfaransa Bob Denard walishuka katika ufukwe wa Itsandra, jirani na Moroni, wakitokea Ulaya kwa meli iliyokuwa ya uvuvi. Haikuchukua muda Rais Ali Soilih akawa mateka wao, na dola ya Komoro ikawa mikononi mwao. Soilih aliuawa kabla ya mwezi huo kwisha. Kisa hiki hutajwa sana na wanaodai kwamba nchi ndogo haina budi kuwa na jeshi kubwa: kama taifa linaweza kutekwa na watu wa kujaza basi moja, wanasema, basi na linunue silaha. Lakini Komoro haikukosa askari siku ile. Soilih alikuwa na wanajeshi, na juu yao alikuwa na vijana wa kamati zake za mapinduzi, waliopewa mamlaka makubwa kuliko umri wao. Vijana hao walikuwa wamewanyanyasa wazee na kudharau mila, kiasi kwamba mamluki walipoingia mjini watu walitoka barabarani kushangilia. Bunduki zilikuwepo, waliokosekana ni watu wa kusimama nyuma yake. Ndiyo maana nasema taifa dogo linahitaji jeshi, lakini nguvu ya jeshi hilo ipimwe kwa mambo mawili tu: liwe la wananchi wenyewe, na liweze kuishikilia nchi kwa saa za kwanza za hatari. Likizidi hapo, anayepaswa kuliogopa si adui wa nje bali raia linayedai kumlinda.

Majirani wa Komoro huko Shelisheli walipitia pande zote mbili za jambo hili katika muda wa miaka mitano. Walipopata uhuru Juni 1976 hawakuwa na jeshi, walikuwa na polisi tu. Haukupita mwaka mmoja, Rais James Mancham akiwa London kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola, wafuasi wapatao 60 wa Waziri Mkuu wake, France-Albert René, wakamwondoa madarakani. Baadhi yao walipata mafunzo Tanzania, na hilo ni sehemu ya historia yetu tusiyopaswa kuiruka. Kisha Novemba 25, 1981, ikaja zamu ya René kuvamiwa. Mike Hoare na mamluki wake zaidi ya 40 walitua uwanja wa ndege wa Mahé kama abiria wa kawaida, wakijifanya wanachama wa klabu ya wanywaji bia waliokuja kustarehe, mikononi wamebeba mifuko iliyojaa vitu vya kuchezea watoto, na chini ya vitu hivyo mna bunduki. Ofisa wa forodha alipekua mfuko mmoja, akaikuta silaha. Mapigano yakazuka hapo hapo uwanjani, askari wa Shelisheli wakaziba njia ya kuingilia mjini, na kabla ya mapambazuko wengi wa mamluki hao walikuwa wameteka ndege ya Air India na kukimbilia Durban. Jeshi lililowazuia lilikuwa dogo na changa. Halikuwa na kifaru cha kutisha mtu wala ndege za kivita. Lilichofanya ni kuwanyima wavamizi ule usiku mmoja waliouhitaji, na mapinduzi ya namna ile yakikosa usiku wa kwanza huwa yamekwisha.

Hata hivyo jeshi hilo hilo, Agosti 1982, liliasi. Askari waliteka kituo cha redio cha Victoria, na uasi wao ulizimwa kwa msaada wa wanajeshi wa Tanzania waliokuwa visiwani. Hapa ndipo wapenda silaha wananyamaza, nami naona ndipo pazito kuliko pote. Komoro, baada ya Denard kumrudisha Ahmed Abdallah madarakani, ilipata kikosi kilichokuwa imara kweli: Walinzi wa Rais, wenye askari mamia kadhaa, maofisa wao wakiwa mamluki wa Kizungu na mishahara yao ikilipwa na serikali ya makaburu wa Afrika Kusini. Kwa zaidi ya miaka kumi hakuna aliyefaulu kuwaondoa. Halafu usiku wa Novemba 26, 1989, Abdallah akapigwa risasi na kufa ndani ya makazi yake, Denard akiwapo. Mahakama ya Paris ilimwachia huru Denard mwaka 1999 katika kesi ya mauaji hayo, lakini swali la kisiasa halikuhitaji hukumu: rais aliyelindwa na watu wanaolipwa na wengine alikuwa rais kwa hisani yao. Denard alirudi tena Septemba 1995 na watu wapatao 30, akamkamata Rais Said Mohamed Djohar, na ni Ufaransa iliyotuma askari kumwondoa. Aprili 1999 hapakuhitajika tena mgeni. Mkuu wa jeshi la taifa mwenyewe, Kanali Azali Assoumani, alitwaa nchi.

Tanganyika ilijifunza somo hilo mapema, na kwa aibu. Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito waliasi wakidai mishahara zaidi na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Serikali ya nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka miwili tu ililazimika kuwaita makomando wa Uingereza kuwanyang'anya silaha askari wake, na jambo kama hilo likatokea Uganda na Kenya wiki hiyo hiyo. Kilichofuata ndicho cha kuzingatiwa. Mwalimu Nyerere hakuongeza mishahara na kufunga ukurasa. Alilivunja jeshi lote. Wanajeshi wa Nigeria walikuja kushika nafasi kwa miezi kadhaa, na Septemba 1, 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, wengi wa askari wake wa mwanzo wakitoka umoja wa vijana wa TANU. Kulifungamanisha jeshi na chama kulikuwa na gharama zake, na Tanzania ya vyama vingi ililazimika kulitenganisha baadaye. Lakini hoja ya msingi, kwamba askari awe raia anayejua anamtumikia nani, imeiweka nchi mbali na mapinduzi ya kijeshi mpaka leo.

Wapo watakaoniuliza: kwa nini basi kuwa na jeshi hata kidogo? Mauritius haina. Tangu uhuru wake wa Machi 1968 inategemea polisi, kikosi maalumu kilicho chini ya polisi hao, na walinzi wa pwani. Imebadilisha serikali mara nyingi kwa kura na haijawahi kupinduliwa. Hoja hii ni nzito, na inathibitisha kwamba siasa safi huzuia mapinduzi kuliko mizinga. Ila tusiseme kwamba Mauritius haina ulinzi. Ulinzi wake umeazimwa. Kwa miaka mingi walinzi wa pwani wameongozwa na maofisa wa India, na Februari 2024 kisiwa cha Agaléga kilifunguliwa njia ya ndege ya kilomita 3 iliyojengwa na India. Mauritius ilipodai Visiwa vya Chagos ilikwenda mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatoa maoni ya kuiunga mkono. Ni ushindi ambao hakuna manowari ingeweza kuuleta. Pamoja na hayo, kambi ya Marekani ya Diego Garcia, iliyo katika visiwa hivyo, haikuhama.

Costa Rica nayo ilifuta jeshi mwaka 1948, na wengi huishia hapo katika kuisimulia. Januari 1955 ilivamiwa kutoka Nikaragua. Walinzi wa raia na watu waliojitolea waliwakabili wavamizi, huku Umoja wa Nchi za Amerika ukiingilia kati na Marekani ikiiuzia nchi hiyo ndege nne za kivita kwa dola moja kila moja. Msaada ulifika ukakuta kuna watu wanaopigana.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine: je, adui akiwa dola nzima yenye vifaru? Kuwait ilikuwa na fedha na silaha za kisasa, na Agosti 1990 ilimezwa na Iraq kwa muda wa siku mbili hivi. Hakuna bajeti ambayo ingeiwezesha kushinda peke yake. Tanzania mwaka 1978, baada ya Idi Amin kuteka eneo la Kagera, iliweza kumfukuza na kuingia Kampala Aprili 1979, lakini kwa kuita makumi ya maelfu ya mgambo na kukusanya malori ya mashirika na watu binafsi. Hao hawakununuliwa sokoni, walitoka vijijini. Hata hivyo uchumi uliumia kwa miaka mingi, na wananchi walioambiwa wafunge mkanda kwa miezi 18 waliufunga kwa muda mrefu zaidi. Nchi ndogo kuliko Tanzania ikijaribu kujenga mapema nguvu za vita vya namna hiyo itakuwa imejifilisi kabla adui hajafika.

Kwa visiwa kama Shelisheli na Komoro, hatari ya kila siku iko kwingine. Shelisheli ina watu wapatao laki moja na bahari yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.3. Machi 2010 meli yake ya doria, Topaz, iliyotolewa na India, iliwakabili maharamia wa Kisomali na kuwaokoa mabaharia waliotekwa, wakiwamo raia wa Shelisheli. Meli moja kama hiyo yenye mafuta ya kutosha na mabaharia wanaolipwa kwa wakati ina faida kuliko kikosi cha vifaru kinachokaa umbali wa kilomita chache kutoka ikulu. Na Machi 2008, Umoja wa Afrika ulipotuma wanajeshi, wakiwamo wa Tanzania na Sudan, kumwondoa Kanali Mohamed Bacar aliyekuwa ameking'ang'ania kisiwa cha Anjouan, askari wa Komoro walikuwa bega kwa bega nao. Bacar alikimbilia Mayotte. Ilikuwa nchi ile ile iliyotekwa na watu 50. Safari hii majirani walikuja kwa mwaliko wa serikali yake, na wakamkuta mwenyeji aliyekwisha kuvaa sare.