Nyimbo za Maneno Machafu: Kusikia na Kusikiliza

Wapo vijana wa Kiislamu wanaotuambia, "Sisi twafuata mdundo tu, maneno hatuyajali," kisha hushika kauli ya Ibn Hazm (aliyefariki mwaka 456 Hijria), aliyehalalisha ala za muziki. Kauli hiyo haiwafai. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya ala. Ama maneno yanayopamba zinaa, hayo hawakuyahalalisha. Imam Ghazali, pamoja na kuruhusu baadhi ya nyimbo, katika *Ihya* ameyataja maneno machafu miongoni mwa mambo yanayouharamisha wimbo.

Hata hivyo tutofautishe. Anayesikia ndani ya daladala bila ya kukusudia hana dhambi. Anayetega sikio akasikiliza, huyo akumbuke Suratul Israai, aya ya 36: masikio nayo yataulizwa. Wallahu a'lam.