Wanawake wa Mormoni na suala la ukuhani

MSOMAJI anayetoka Kizingo kuelekea Barabara ya Nkrumah, mjini Mombasa, hukuta makanisa makuu mawili: la Kianglikana na la Katoliki. Waanglikana wa Kenya walimweka wakfu askofu wao wa kwanza mwanamke, Emily Onyango, Januari 2021. Kwa Wakatoliki, upadri ungali wa wanaume pekee.

Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lijulikanalo kama la Wamormoni, lina utaratibu wa tatu. Ibada za kila Jumapili haziongozwi na makasisi wa mshahara. Ukuhani hupewa waumini wa kiume wanaostahili, kuanzia mwaka wanaotimiza miaka 12. Hivyo mvulana wa shule ya msingi huweza kugawa sakramenti, ilhali nyanya yake aliyelitumikia kanisa maisha yake yote hana ruhusa hiyo.

Hata hivyo, historia ya wanawake hao si ya unyonge. Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama uliundwa mwaka 1842, Emma Smith akiwa rais wake wa kwanza. Wanawake wa Utah walipata haki ya kupiga kura mwaka 1870, wakapokonywa na Bunge la Marekani 1887, wakairejesha 1896. Emmeline B. Wells, mhariri wa gazeti lililotetea haki hiyo, alikabidhiwa uongozi wa Muungano mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 82.

Waliokuja baadaye hawakupata heshima hiyo. Sonia Johnson, aliyetetea marekebisho ya katiba ya Marekani kuhusu usawa wa jinsia, alitengwa na kanisa Desemba 1979. Kate Kelly, aliyedai ukuhani kwa wanawake, alitengwa Juni 2014.

Si wanawake wote wanaoudai. Katika utafiti wa taasisi ya Pew nchini Marekani mwaka 2011, takriban asilimia 90 ya wanawake wa Mormoni waliukataa.

Kwa Mwafrika, suala hili lina uzito wa pekee. Hadi Juni 1978, wanaume wenye asili ya Afrika nao walinyimwa ukuhani. Kanisa lilitambuliwa rasmi Kenya mwaka 1991, na hekalu la Nairobi likawekwa wakfu Mei 2025. Tangu Oktoba 2019, wanawake wanaruhusiwa kuwa mashahidi wa ubatizo. Viongozi husema ukuhani hutolewa kwa agizo la Mungu, si kwa shinikizo. Wanaoudai hujibu kwamba mwaka 1978 mlango uliodhaniwa kufungwa daima ulifunguka, lakini aliyepita ni mwanamume peke yake.