Mlio wa Simu Uliogeuka Muziki: Video za Mitandaoni na Nyimbo za Ibada

Mwaka 2011, katika mji wa Prešov nchini Slovakia, mpiga viola Lukáš Kmiť alikuwa akitumbuiza ndani ya sinagogi, mara simu ya msikilizaji ikalia. Ulikuwa mlio wa Nokia, ule ambao kila mmoja wetu anaujua. Kmiť akatulia kidogo, kisha akauchukua mlio huohuo kwa viola yake, akaupamba papo hapo kana kwamba ni sehemu ya tamasha. Video fupi ya tukio hilo ilisambaa duniani kote.

Video za namna hii sasa ni nyingi. Mtu huchukua muziki wa tangazo la biashara au wa kipindi cha televisheni, akaupiga kwa kinanda au gitaa, ama akaimba sauti zote nne peke yake na kuziunganisha kwa kompyuta. Vijana wetu wa kwaya nao wamo, na baadhi yao wana kipaji cha kweli. Ndiyo maana maparokiani tunaulizwa: je, tuni hizo zaweza kuingia kanisani?

Kabla ya kujibu, inafaa tujue kwamba nyingi ya tuni hizo zimekwisha kusafiri mbali. Mlio wa Nokia ni kipande cha Gran Vals, utunzi wa gitaa wa Mhispania Francisco Tárrega wa mwaka 1902. Wimbo wa Ligi ya Mabingwa Ulaya ulitungwa na Mwingereza Tony Britten mwaka 1992 kwa kufuata “Zadok the Priest”, utunzi ambao Handel aliuandaa kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme George II mwaka 1727. Naye Handel alitumia maneno yatokanayo na Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 1, aya ya 38 hadi 40, pale kuhani Sadoki na nabii Nathani wanapomtawaza Solomoni. Basi vijana wanaojaa vibandani usiku wa mechi husikia, pasipo kujua, mwangwi wa muziki wa ibada. Katekista mwerevu hataiacha nafasi hiyo ipite.

Safari ya kinyume nayo imewahi kutokea. Katika karne ya 15, wimbo wa kidunia wa Kifaransa uitwao “L'homme armé” ulitumiwa na Dufay na Josquin kama msingi wa Misa, na katika karne ya 16 Palestrina akafanya vivyo hivyo. Hata hivyo Mtaguso wa Trento, mwaka 1562, uliwaagiza maaskofu kuondoa kanisani muziki wenye chochote cha kiasherati au kichafu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963, unafundisha kwamba muziki mtakatifu huzidi kuwa mtakatifu kadiri unavyofungamana na tendo la kiliturujia, na kwamba maneno yake yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na chemchemi za Liturujia.

Hapo ndipo tunapoona ugumu. Tuni ya tangazo imetungwa makusudi ili ikumbushe bidhaa, na haiachi kazi hiyo kwa sababu tumeibadilishia maneno. Ikiimbwa wakati wa matoleo, macho ya waamini hayaendi altareni, yanaenda dukani. Palestrina hakuwa na shida hii, kwani aliizamisha tuni ya kidunia ndani ya sauti nyingi hata ikawa vigumu kuitambua, ilhali sisi twataka itambulikane upesi ili watu watabasamu. Kutabasamu huko ni kwema katika tamasha la vijana, sherehe ya jumuiya au video ya mtandaoni, na hatuoni sababu ya kuwazuia.

Mwalimu wa kwaya mwenye mashaka aipige tuni bila maneno mbele ya watoto wa Utoto Mtakatifu, awaulize wanakumbuka nini. Wakijibu “sabuni”, aiweke kando.

Yabaki suala la haki. Tunzi za Handel na Tárrega ni mali ya wote, kwa kuwa wenyewe walifariki zamani. Wimbo wa Britten una mwenyewe, vivyo hivyo muziki wa tangazo la juzi. Kwaya inayokusudia kurekodi na kuuza iombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kuingia studio, maana Amri ya Saba haikuwaacha watunzi nje.